Mkebe Mweusi wa Kipsang

Juzi kijana mmoja alifika kwangu na pikipiki, akashusha boksi la chakula, akaniuliza kama mimi ndiye Brayo. Mimi ni nyanya ya watu, nimevaa leso na sweta, miguu imevimba, na huyu ananiuliza kama mimi ni Brayo. Nikamwambia aniangalie vizuri. Badala ya kuniangalia, akaangalia simu. "Lakini hapa inasema nimefika, mathe," akasema. Basi Brayo, ambaye ni mjukuu wa jirani, alikula chakula baridi siku hiyo, na mimi nikabaki hapa mlangoni nikicheka mpaka kikohozi kikanishika.

Sikumcheka kwa ubaya. Kazi yenu, vijana wa pikipiki, naijua, nimeifanya miaka mingi kabla hamjapata hizo simu za kuwaambia pinda kulia, pinda kushoto. Ndiyo maana nataka kuwaeleza tulivyoifanya sisi, mchukue linalowafaa na linalobaki mniachie. Na nitawaambia juu ya siku zile za vurugu, mwanzo wa mwaka 2008, wakati mwenzetu Kipsang alipozuiliwa ng'ambo ya reli akiwa na chakula cha watu, na mimi nimeketi na mke wake hatujui kama yu hai.

Mwajiri wetu alikuwa mama wa Kihindi aliyeitwa Kanta. Wenzake walimwita Kantaben, yaani dada Kanta, na sisi tukafuata hivyo hivyo. Alizaliwa hapa hapa Nakuru, lakini baba yake aliishi Bombay ujanani, na kule kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu: kuchukua chakula kilichopikwa nyumbani kwa mtu, kumfikishia kazini kikiwa moto, kisha kurudisha chombo. Chombo chenyewe wao hukiita dabba. Ni vibakuli vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama ghorofa, halafu vinabanwa pamoja na kishikio. Chapati ghorofa ya juu, mchuzi katikati, wali chini. Sisi tuliita mikebe.

Kantaben aliona akina mama wa mitaa ya Section 58 na Milimani wakihangaika kila mchana kutuma chakula madukani na viwandani, mara kwa askari wa lango, mara kwa mtu yeyote anayeelekea mjini. Akatoa gari la mume wake kwenye gereji, likaachwa nje linyeshewe, na hiyo gereji ikawa ofisi yetu. Mume alinung'unika kidogo halafu akazoea.

Tulikuwa watu wanne. Barasa alizunguka majumbani kukusanya mikebe. Mimi niliipanga. Ile ya ng'ambo ya reli, Barasa aliisukuma kwa mkokoteni mpaka kwenye kibanda cha chai cha Mama Atieno, hapo karibu na reli, na Kipsang alikuwa anamngoja na baiskeli ili aingie nayo upande wa magereji, mbao na mashine za unga. Jioni mikebe ilirudi njia ile ile, na Rael, mke wa Kipsang, akaiosha. Kipsang na Rael waliishi kwenye vyumba vya nyuma hapo hapo kwa Kantaben.

Mimi niliona huko kupokezana ni kupoteza wakati. Kwa nini Barasa asiende mpaka mwisho? Nilimwuliza Kantaben, akanijibu kwa Kiswahili chake cha jikoni, ambacho sisi wote tulikipenda. "Wewe jua nani napa wewe, na wewe napa nani. Ingine wachia mwenzako." Hakuongeza neno. Baadaye nikaelewa kwamba mtu akijua kipande chake sawasawa, hata akiugua, mgeni anaweza kukishika kesho yake bila kuharibu. Kila mkebe ulikuwa na rangi zake. Nyekundu ilikuwa ng'ambo ya reli, kijani ilikuwa mjini. Uzi mweupe kwenye kishikio ulisema hapa hakuna nyama, hakuna yai, hakuna hata kitunguu. Na mikebe yote ilikuwa na mstari wa bluu chini ya kitako, na maana ya bluu ilikuwa moja tu, kwamba popote ukiuona mkebe huu, kwao ni gereji ya Kantaben. Mama Atieno aliijua hiyo bluu. Askari wa viwandani waliijua. Nafikiri hata mbwa wa huko waliijua.

Sasa niwaambie habari ya sukari, maana bila sukari hamtaelewa yaliyobaki.

Wiki yangu ya kwanza nilimwona Rael akimaliza kuosha mikebe, anaikausha, kisha anatia sukari kidogo, kama ya kubana na vidole vitatu, kwenye kibakuli cha juu cha kila mkebe. Nikajua huyu msichana anachezea mali ya watu. Alipotoka nje nikaikung'uta yote kwenye sinki, mkebe baada ya mkebe, nikijiona mfanyakazi hodari. Kantaben akaingia akanikuta.

"Wewe namwaga sukari yangu kwa sinki?" akauliza.

Nikamwambia sisimizi watajaa. Akaketi akanieleza, polepole, kwamba kwao chombo cha mtu hakirudishwi kikavu. Ukirudisha kikavu ni kama unamwambia mwenyewe hakuna kitu kati yenu tena. Nikamkumbuka mama yangu kule kwetu Bahati. Mama hakuwahi kurudisha kiondo cha jirani bila maharagwe mawili matatu chini, hata mwaka wa njaa, na mimi nilikuwa nimesahau. Tangu siku hiyo nilikuwa wa kwanza kuulizia sukari ikichelewa.

Vijana, hilo mlichukue. Najua nyinyi hamrudishi chombo, mnatupa boksi. Lakini mtu anayepokea chakula anajua kama aliyekileta amemfikiria au amemtupia tu.

Kipsang mwenyewe alikuwa mtu wa vituko. Mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa na tumbo lisiloshiba, na hilo tumbo ndilo lililotuletea mkebe mweusi.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2007, Jumamosi moja, mkebe wa nyumba moja ulirudi umechelewa, na Kipsang akalala nao chumbani ili uoshwe Jumatatu. Jumapili alikuwa na sherehe ya ukoo karibu na Gilgil, akaona mkebe una mfuniko mzuri unaobana, akaubeba. Wakati wa kurudi wakasimama Kikopey. Nani anapita Kikopey na moshi wote ule wa nyama bila kusimama? Akamkumbuka mke wake, akanunua mbavu za mbuzi, akazipanga vizuri kwenye ghorofa zote tatu. Uzi mweupe ulikuwa unaning'inia kwenye kishikio wakati huo wote. Alikuwa mtu wa kwanza kufundishwa uzi mweupe, na bado mapenzi na njaa vilimpiga upofu.

Jumatatu Rael aliinua mfuniko, akanusa, akauweka chini kama ameshika nyoka. Alikuwa amekula zile mbavu usiku, akazifurahia, na wala hakuuliza zilikuja ndani ya nini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bibi kizee mmoja mshika dini ambaye hata kitunguu saumu hakiingii jikoni kwake. Barasa akashauri tusugue kwa jivu tunyamaze. Mimi nikaona ni ushauri mzuri. Kantaben akakataa. Alivaa viatu, akaenda kwa bibi, akamwambia kila kitu, akamnunulia mkebe mpya. Kurudi akamwita Kipsang, na sisi tukasogea karibu ili tusikie akifutwa kazi.

"Hii mkebe sasa nakula nyama," Kantaben akasema. "Haiwezi rudi kwa mtu ya maombi. Hii ya wewe."

Akampa. Kipsang alishika ule mkebe kama mtu aliyepewa kikombe cha mashindano na adhabu kwa wakati mmoja. Rael akatoa uzi mweupe, akachukua lami iliyobaki ya kuziba paa, akaupaka mkanda mweusi kiunoni, ili asitokee mtu wa kuukosea tena. Mstari wa bluu chini aliuacha. Kuanzia hapo Kipsang alibeba ugali wake kwenye dabba kama tajiri, na njia nzima ilimcheka. Mama Atieno alikuwa akimwona kwa mbali anasema, "Mdosi wa mbuzi amefika," yaani bosi.

Hakuna aliyejua kwamba huo mkanda wa lami utatufaa.

Mnajua yaliyotokea baada ya uchaguzi ule wa mwisho wa mwaka 2007, na kama hamjui, waulizeni wazazi wenu mkiwa mmekaa chini. Kule mashambani, Molo na Kuresoi, mambo yaliharibika mapema. Dada yangu aliyekuwa analima viazi Kuresoi alifika Bahati na watoto wake na sufuria moja, nyumba imebaki majivu. Aliyemfukuza alikuwa wa lugha ya Kipsang na Rael. Hapa mjini palikuwa kimya bado, maduka yanafunguliwa, na watu wanataka kula. Tukaendelea na kazi. Rael na mimi tuliendelea kuosha na kupanga, lakini zile hadithi zetu za asubuhi ziliisha. Tulisema tu lete hiki, weka pale.

Halafu siku moja mwezi wa kwanza, mchana, mji ukalipuka. Barasa alirudi anakimbia bila mkokoteni. Alisema alikuwa amemkabidhi Kipsang mikebe kwa Mama Atieno, Kipsang akavuka reli, na muda si mrefu watu wakajaa barabarani na mapanga na mawe na njia ikafungwa nyuma yake. Ng'ambo ile, siku ile, waliokuwa wakisaka watu walikuwa wa lugha yangu, na waliokuwa wakisakwa walikuwa wa lugha ya Kipsang. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu kuzunguka hakumsaidii mtu. Tulimpigia simu, imezimwa. Kantaben akafunga lango, akatuambia mimi na Barasa hatuendi popote, tulale hapo.

Rael hakulia. Alikaa kwenye ndoo ya maji iliyopinduliwa, anaangalia lango. Mimi nilikuwa nimeshika vitambaa vya kukaushia, navikunja na kuvikunjua. Nilishindwa kumwangalia usoni. Nilikuwa na hasira ya yaliyompata dada yangu bado moyoni, na juu ya hasira hiyo nilikuwa na aibu, na juu ya aibu hofu ya mtu niliyekula naye kila siku. Moyo wa mtu unaweza kubeba vyote hivyo, ila unachoka.

Asubuhi yake ndipo aliponisemesha.

"Mama Nyokabi, unaniogopa?"

"Sikuogopi wewe," nikasema. "Naogopa utaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Watu wangu wamemfanyia nini."

Akasogea karibu yangu. Kisha akashika ncha moja ya kile kitambaa nilichokuwa nakihangaisha, mimi nikashika nyingine, tukakikunja pamoja. Tukamaliza rundo lote hivyo. Hakuuliza.

Barasa, ambaye siku hizo hakuna upande uliokuwa unamtafuta, alitoka asubuhi hiyo baada ya askari kupita, akasema atafika kwa Mama Atieno tu, hatapita hapo. Tulimngoja. Mchana akagonga lango, na mkononi alikuwa na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na mkebe mmoja. Ulikuwa na mkanda wa lami.

Kantaben akashika kifua. Mimi nikapiga kelele ya furaha, na Rael akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Mkebe si mtu," akasema. "Huo mtu yeyote anaweza kuokota kando ya maiti."

Barasa akatueleza tu alivyoupata. Mama Atieno alikuwa ameletewa na mtu asiyemjua, ambaye aliweka chini akaondoka haraka. Mama Atieno akageuza, akaona bluu, akajua kwao ni wapi. Alijua kipande chake, hakujua zaidi.

Tukabaki tumesimama tunautazama ule mkebe juu ya meza, na hakuna aliyetaka kuufungua. Mwishowe Rael akafyatua kishikio. Alianza chini, sijui kwa nini. Kibakuli cha chini kilikuwa kimeoshwa. Cha katikati kimeoshwa. Akashika cha juu, akakifunua.

Kulikuwa na sukari. Kidogo tu, ya kubana na vidole vitatu.

Mtu gani mwingine kwenye mji unaoungua angeosha mkebe wake, aukaushe, aweke sukari? Rael alichovya kidole, akaonja, kama mtu anayetaka kuhakikisha hadanganywi. Kisha akaketi palepale sakafuni, na mimi nikaketi naye, tukashikana. Nililia kama nimefiwa, na ilikuwa furaha tupu. Nimezaa, nimejenga, nimeona wajukuu, lakini ule mzigo ulivyonishuka siku ile sijawahi kuonja tena. Kantaben alikuwa amesimama juu yetu anasema maneno ya Kigujarati huku anatupapasa vichwa sisi wote wawili.

Rael akainuka, akapangusa uso kwa kitambaa cha mikebe, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ametukataza. "Kantaben, naomba unga," akasema. Akasonga ugali, akaujaza ghorofa ya chini na ya katikati, juu akaweka sukuma, akafunga. Barasa akaupeleka kwa Mama Atieno, akauacha. Hatukujua ungepitia wapi kutoka hapo. Kesho yake ukarudi, umeoshwa, una sukari.

Ikawa hivyo kila siku. Mji umefungwa, magari hayapiti, wakubwa wanaongea kwenye redio, na mkebe mweusi unakwenda na kurudi. Tuliangalia ile sukari kama watu wanaosoma habari. Ilianza kupungua. Ikawa chembe chache. Halafu siku moja Rael akachovya kidole kama kawaida, akaonja, akakunja uso.

"Ni chumvi," akasema.

Tukaangaliana. Halafu Rael akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. "Amemaliza sukari ya watu," akasema. Tukacheka mpaka mume wa Kantaben akatoka nyumbani kuuliza kuna nini, na tukashindwa kumweleza. Siku hiyo ndani ya mkebe, pamoja na ugali, Rael alifunga sukari kwenye karatasi.

Barabara ilipotulia, Kipsang alikuja mwenyewe, mchana, anasukuma baiskeli polepole. Mikebe yote ya alama nyekundu ilikuwa imefungwa nyuma, hakuna uliopotea hata mmoja. Alikuwa amekonda. Rael alimfikia kabla yetu, akashika mkono wa shati lake na hakuuachia wakati wote alipokuwa akitusimulia.

Alisema alikuwa ndio ameingia kwenye yadi moja ya mbao aliposikia makelele. Mlinzi wa pale, mzee mmoja, akamvuta ndani na baiskeli yake, akamficha nyuma ya mbao pamoja na wengine waliokuwa wamekimbilia hapo, wa kila lugha. Mzee huyo ndiye aliyetoa mkebe nje kila siku, akampa mpita njia aliyemwamini, naye akaufikisha kwa Mama Atieno na kumrudishia ukiwa umejaa. Sukari ilikuwa yake, ya chai. Nikamwuliza Kipsang jina la huyo mzee, akanitajia, na lilikuwa jina la kwetu. Rael akaniangalia.

"Sasa ndio nakuuliza, Mama Nyokabi. Watu wako walimfanyia nini?"

Akajibu yeye mwenyewe. "Walimpa sukari."

Lakini Kipsang alikuwa na jambo lililomsumbua. Alikuwa anamwangalia Kantaben kwa jicho la chini, kama siku ile ya mbavu. Mwishowe akalitoa.

"Kantaben, chakula ya wenyewe haikufika. Ile siku ya kwanza tulifungua mikebe yote tukakula, sisi na hao watu. Hata ya uzi mweupe. Walikuwa na watoto."

Kantaben aliangalia ile mikebe iliyofungwa nyuma ya baiskeli, imeoshwa yote inang'aa.

"Ilikuwa moto bado?" akauliza.

"Ilikuwa moto."

"Basi," Kantaben akasema, "ilifika."

Rael akaachia mkono wa shati, akaanza kufungua kamba za baiskeli, na mimi nikaenda kutafuta sukari.